Kichuguu cha Nyuma ya Kalasi

Kilisimama nyuma ya choo cha wadogo, hapa Katuba,
kirefu kunizidi mimi na kilemba changu,
chekundu, kimepasukapasuka kwa jua la Oktoba.
Mkurugenzi alikwisha patana na wafyatuaji:
matofali elfu mbili,
kisha uwanja ulale sawa kama meza.
Nilimwomba mwezi. Akanipa wiki,
akaguna.

Basi Jumatatu tulikwenda kubisha hodi,
watoto ishirini na wanne, kila mmoja na kopo la nyanya.
"Polepole," nikasema, "hapa ni nyumbani kwa wenyewe."
Masengo akalaza sikio kwenye udongo.
"Wanatwanga," akasema.
Mwadi aliokota jongoo aliyejikunja mviringo,
akataka kumvaa kidoleni.
Tshibwid akapiga yowe: nge!
Si nge, kijiti tu.
Kijiti kikatembea.
Hapo tukapiga yowe sote, na mwalimu wa kwanza.

Jumanne tulifinyanga.
Udongo ule ule ambao mchwa waliukanda kwa mate
sisi tuliukanda kwa maji ya kidumu.
Miguu ilikuwa waya wa shaba uliochunwa kwenye kebo kuukuu
(usiniulize kebo ilitoka wapi,
hapa Lubumbashi shaba haina ukoo);
macho, mbegu za papai;
mabawa, maganda ya vitunguu.
"Mdudu ana miguu mingapi?"
"Sita!"
Wa Kabwiz alikuwa nayo kumi na mmoja.
"Huyu anakwenda mbali," akanieleza.
Sikumsahihisha. Huenda ni kweli.

Jumatano, mchezo.
Nilitandaza vitenge juu ya viti, likawa shimo refu,
giza lenye maua ya njano.
Ngosa akawa malkia, kwa kuwa alikataa kutambaa.
Wengine wakaingia kwa mstari, kijiti mdomoni,
wakatoka upande wa pili, magoti yamepauka.
Ila Nawej.
Nawej alisimama mdomoni mwa shimo, vidole juu,
anahesabu wanaoingia,
anakimbia, anahesabu wanaotoka.
"Madamu. Mmoja hajatoka."
Alikuwa Ngosa tu, malkia,
kalala fofofo juu ya mkoba wangu.
Wenzake walicheka mpaka wakajishika mbavu.
Yeye hakucheka hadi alipougusa mguu wake.

Baba yake yuko Kolwezi, kwenye mashimo.
Hurudi mwezi wa pili, au wa tatu,
na suruali yenye vumbi lisilotoka kwa sabuni yoyote.

Sikujua la kusema, na Kifaransa cha chuo changu
hakikunifundisha.
Nikamwambia: "Mchwa nao wana walinzi wa mlango,
wana vichwa vikubwa kuwashinda wenzao."
Akakishika kichwa chake kwa mikono miwili,
akakipima.
Alhamisi alifika na filimbi.
Ijumaa pia.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mvua ya kwanza ikanyesha,
ile inayonuka chungu kipya.
Alfajiri uwanja ulikuwa ukichemka.
Kumbikumbi walitoka kila ufa wa kichuguu, kwa maelfu,
wamevaa mabawa ambayo hata maganda yetu ya vitunguu
yaliyaonea haya.
Wafyatuaji walikuja na sepetu;
sepetu zikalala kwenye majani,
kofia zikageuka vikapu.
Bibi yake Mwadi alileta beseni, na chumvi.
Mkurugenzi hakutaja matofali asubuhi ile;
kinywa chake kilikuwa na kazi.

Na sisi tukaokota mabawa yaliyoanguka,
tukayabandika kwa uji wa mihogo kwenye karatasi za saruji.
Bado yako ukutani. Ukuta wenyewe,
ukiukuna kwa ukucha, ni kichuguu cha zamani.

Nawej nilimkuta amechuchumaa penye ufa mkubwa kuliko yote,
vidole vimemwishia zamani, filimbi imelowa shingoni.
"Umehesabu wangapi?"
"Wanatoka, Madamu," akasema. "Wanatoka tu.
Wengi kuliko walioingia."

Kisha akang'oa mabawa manne,
akala mmoja.