Mshauri wa Tatu

Waliponiita nilikuwa na pini mdomoni,
sare za darasa la kwanza zimejaa mezani,
ukungu umeshuka Tukuyu mpaka vizingitini.
Tarishi akasoma jina langu lote, Subilaga Mwasomola,
kama anayedai deni.

Mahakama Kuu imeshuka kutoka Mbeya. Kesi ya mauaji.
Washauri tulikuwa watatu:
Ambakisye, bwana shamba mstaafu, kalamu mbili mfukoni;
Lugano wa vipuri vya pikipiki;
na mimi, fundi cherehani,
futi bado inaning'inia shingoni.

Kizimbani, Asangalwisye.
Wanasema alimuua jirani kwa ajili ya masale,
mstari wa masale uliohama hatua mbili usiku
ukaingia kwenye chai ya mtu.

Usiku ule Tusekile, binti wa kaka yangu, alipiga simu kutoka Ohayo.
Shangazi, hata mimi nimeitwa!
Huku tunakaa kumi na wawili.
Tunasikiliza, tunafungiwa chumbani,
tunatafuta neno moja la watu wote,
na tukisema hana hatia, jaji hana la kuongeza.
Na mmoja akikataa?
Tunabishana. Tukishindwa kabisa
wanaitwa wengine, inaanza upya.
Nikamwambia: kwetu jaji anatuuliza mmoja mmoja,
mbele ya mshtakiwa, mbele ya mama wa marehemu,
halafu anaamua mwenyewe.
Akanyamaza kidogo. Sasa wanawaita wa nini?
Salio lake likaisha.

Siku ya tatu shahidi alisema: nilimtambua kwa koti.
Anakimbia, mgongo kwangu, tochi yangu juu yake,
mistari ile ya bluu.
Karani akalinyanyua koti, kielelezo cha tatu.
Jaji akatugeukia: washauri, mna swali?
Ambakisye akauliza habari za mvua.
Lugano hakuwa na swali.
Mimi nikaomba koti ligeuzwe.

Mgongoni palikuwa na kiraka.
Kitambaa cha kaki, kitupu, bega hadi bega,
mshono wa mkono, uzi mkuukuu
uliokwisha kunywa jasho la miaka.
Nikamuuliza shahidi: mistari uliiona wapi?
Alikunywa maji. Akasema tochi ilikuwa na betri dhaifu.

Wakati wa maoni ulipofika tulisimama kwa zamu.
Ambakisye: alitishia kwenye kilabu, watu wakasikia;
alikimbilia Kyela; ana hatia.
Lugano: nami nasema hivyo hivyo.
Mimi magoti yalikuwa yanacheza.
Nikasema, mheshimiwa, mimi sijui aliyeua.
Najua koti.
Mtu hawezi kuona mistari pasipo na mistari.
Mama wa marehemu aliniangalia
jinsi unavyoangalia maziwa yaliyomwagika.

Jaji aliandika. Kalamu yake haikuwa na haraka.
Siku ya hukumu alisoma saa nzima,
akafika kwangu: mshauri wa tatu ametilia shaka,
nimemsikia, namshukuru, sikubaliani naye.
Yaliyofuata siyasemi hapa.

Tulilipwa posho, tukatia sahihi.
Nilinunua uzi wa bluu bahari na mafuta ya mashine.
Kwa miezi miwili sokoni hakuna aliyenipunguzia bei ya ndizi,
na kanisani ukoo wa marehemu uliliacha benchi langu.
Tusekile hakuchaguliwa. Walimrudisha nyumbani adhuhuri
akaona aibu, sijui kwa nini.

Nasikia siku hizi jaji anaweza kukaa bila washauri.
Labda ni nafuu. Kiti kile kilikuwa na msumari.

Ila kijana wa wakili alipita juzi kupunguza suruali.
Akaniambia rufaa imeshapanda,
na swali langu limo kwenye mwenendo wa kesi,
limepigwa chapa, ukurasa wa arobaini na moja:
Mistari uliiona wapi?
Majaji watatu watalisoma, watu nisiowajua.
Nikampima kiuno. Nikapima tena.
Nikamwachia upindo mpana,
maana kitambaa ukishakikata
hakirudi.