Ulele?

Mashine ya zahanati ya Kipungani huzima saa tisa usiku.
Jua linaijaza betri kutwa, linatosha, nimepiga hesabu mara mbili,
lakini Nesi Mwanatumu akifungua mlango alfajiri
friji ya chanjo inahema joto
na kipimajoto hakina wa kukisoma.

Nikaileta Langoni, nikailaza mkekani.

Kichakataji hakikeshi bure.
Kikikosa kazi hulala, na kulala kwake kuna ngazi.
Ya kwanza ni lepe tu: ukiita, kimekwisha itika.
Ya pili kusinzia, kama punda wa Bwana Famau
aliyesimama wima chini ya dirisha langu, shogi bado mgongoni.
Halafu usingizi wenyewe, saa ya ndani ikasita.
Na chini kabisa, usingizi wa pono:
umeme umekatwa, kumbukumbu imekunjwa
ikawekwa kando kama leso ya akiba.

Anayeamua ni gavana.
Si wa kaunti. Huyu yumo ndani ya kerneli,
hana msafara wala king'ora.
Kazi ikiisha anakisia: kimya hiki kitadumu kiasi gani?
Kwani aliyezama mbali hurudi polepole,
na kumteremsha mtu ngazi zote kisha kumwita papo hapo
ni hasara kuliko kumwacha macho.

Nikawasha ufuatiliaji.
Kila kiini kikilala kiandike: nimeingia, ngazi hii, saa hii.
Kikiamka kiandike: nimetoka, na aliyenitoa ni fulani.
Niliona shaka kidogo,
maana amchunguliaye mlalaji kwa taa
huenda ndiye amwamshaye.
Nikaamuru maandishi yawe mafupi, yabaki kumbukumbuni,
nikazima skrini, nikakaa gizani na bilauri ya maji.

Dakika kumi. Mistari laki kumi na mbili na ushei.

Viini vinne. Vitatu pono.
Cha nne: lepe, nimetoka. Lepe, nimetoka. Lepe,
mara elfu moja kwa sekunde
kinafunikwa shuka, kinafunuliwa.
Gavana wa watu ameshakata tamaa naye, hamteremshi tena.
Na nyumba haizimi taa ya ukumbini
hadi wa mwisho alale;
kwa ajili ya mmoja, wote wanachoma mafuta.

Nani anamwamsha?
Nikafuata nyayo, mstari kwa mstari, hadi kwenye jina la programu,
na chini ya jina la programu, jina la mwandishi,
na mwandishi ni mimi.

Rajabu ya mwaka juzi. Naikumbuka wiki ile.
Mama alikuwa kitandani, chumba cha ndani,
nami na kompyuta mapajani mlangoni pake,
naandika mstari, naingia, naweka kiganja karibu na pua yake.
Ulele?
Narudi, mstari mwingine, naingia.
Ulele?
Hata usiku mmoja akafumbua jicho:
"Nali nilele, mwanangu, hata ukaniuliza."

Ndivyo nilivyoiandika. Friji, una joto?
Friji, una joto? Friji,
kana kwamba barafu huyeyuka
katika sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Nikafuta kitanzi. Kipimajoto kiite chenyewe kikishtuka,
la sivyo kiulizwe kila dakika tano, inatosha.
Nikafuatilia upya.
Kiini cha nne kilisita kwenye lepe, kama asiyeamini,
kikashuka, kikashuka tena,
na nyumba nzima ikazima.
Wati kumi na moja zikawa mbili.

Mama alipona, yuko chumba kile kile.
Nilisimama penye pazia lake, mkono umeshainuka.
Nje punda akabadili mguu.
Nikaushusha.

Usiku wa pili mashine ilikwisha rudi Kipungani.
Saa kumi na mbili asubuhi nesi akapiga simu, anapiga kelele:
nyuzi nne! nyuzi nne!
Nikamwambia apunguze sauti.