Kiatu cha Kushoto

Mguu wa mama ulimtangulia kaburini
miaka thelathini na mmoja.
Niliubeba mimi, Ndanda, nyuma ya wodi,
umefungwa kwenye kanga ambayo maneno yake
nilikuwa sijajua kuyasoma,
mjomba Wensislausi mbele yangu na jembe.
Kifutu alimgonga porini, mwaka ule wa njaa,
akichimba ming'oko,
na tulipomfikisha, siku ya nne,
cha chini ya goti kilishakuwa marehemu.

"Ulikuwa mzito?" aliniuliza alipozinduka.
Nikasema: kama dumu la lita tano.
Akacheka. Akalia. Akaomba uji.

Tukarudi Kitangari.
Akapalilia mikorosho akisota shina hadi shina,
na kila ndala ilipokatika alinunua jozi nzima
(nani Newala atakuuzia nusu?),
ya kulia akaivaa,
ya kushoto akaitia kwenye kiroba cha darini.

Kila Pasaka alimngoja Katekista Burkadi mlangoni pa kigango:
"Mwalimu, parapanda ikilia
mimi nitaamkia huku, mguu utaamkia Ndanda.
Nani atamfuata mwenzake?"
"Kwa Mungu hakuna wilaya, mama Ludgera."
"Kwa Mungu, sawa. Nauliza kwa mguu.
Ule mlima wote, na uko peke yake.
Kutembea ni kupokezana, Mwalimu.
Utapokezana na nani?
Halafu Nambunga aliyeliwa na mamba Ruvuma,
na mamba akaliwa na watu wa ng'ambo,
huyo mtamgawanaje?"
Burkadi alifunga kitabu
akaomba maji ya kunywa,
nasi maji kwetu tulikuwa tunayanunua.

Mara moja tu alinijibu yeye mwenyewe,
usiku, tukibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake:
"Ming'oko huing'oi yote.
Unaacha kichwa, unakifukia,
mvua ikipita unarudi.
Labda alichimba kidogo, akaacha."
Akabangua nyingine.
"Au alionja akaona bado."

Amekufa Oktoba hii, majani yakiwa meupe kwa salfa.
"Miguu mashariki," alisema mchimbaji,
kisha akanyamaza,
na watu wote wakatazama mchanga.
Burkadi, sauti imekwisha kama betri ya redio,
akasema atasimama mzima.
Akarudia: mzima.
Akanitazama mimi
kana kwamba ndiye nitakayeulizwa.

Kirobani nilihesabu ndala kumi na tisa,
raba moja,
na kiatu kimoja cha ngozi, cha arusi yangu,
soli yake safi kama ulimi wa mtoto.
Kumi na tisa nimewaachia wajukuu, wanakatia magurudumu ya vigari vyao.
Angecheka.
Cha ngozi nilishuka nacho Ndanda.

Wodi ina rangi mpya.
Muuguzi niliyemuuliza hakuwa amezaliwa.
Nyuma, pale penye kamba za kuanikia,
mashuka ya wagonjwa yalikuwa yanapepea, meupe, yamejaa upepo,
na kwa kitambo kidogo, sitasema uongo,
nilidhani yameshaanza kuamka bila sisi.
Ni mashuka. Yalinukia sabuni.

Nilipima kutoka mlangoni
kwa hatua za mtoto wa miaka tisa,
nikinyata mtu mzima mimi na nywele za mvi,
hadi kati ya bomba na mpapai.
Hapa, au karibu na hapa.
Mtunza bustani aliniazima panga, hakuuliza kitu.

Sijui ninaamini nini.
Najua barabara ya kupanda Newala ina changarawe,
na jua la saa nane huko halina huruma kwa nyayo.
Nikakilaza kiatu, kisigino Ndanda,
ncha ikielekea Kitangari,
nikafukia hadi karibu na mdomo.

Kisha nikafukua tena,
nikaacha kifungo wazi:
mguu hauna mikono.