Beki wa Kushoto

Tumebakiza nafasi moja: beki wa kushoto.
Uwanjani Tononoka, vijana arubaini wa vyuo,
namba mgongoni kwa chaki ya fundi cherehani.

Shebwana wa chuo cha ualimu
anapiga chenga hadi refa anacheka.
Namtaka. Simhitaji.
Chungu chetu kina nyama; kimekosa chumvi.

Pembeni kuna Chivatsi, anayesomea ufundi bomba.
Hana mbwembwe. Anaziba tu,
kama mtu na mfereji unaovuja.
Mara tatu winga kampita;
ya nne, hakupita.

Naandika jina.

Shebwana anakuja, viatu mkononi:
"Kocha, hata kushoto nacheza."
Mguu wake wa kushoto nimeuona.
Namwambia kweli. Ananishukuru kwa adabu.
Shukrani hizo
ndizo zitakazoninyima usingizi.