Orodha ya Dobi

Wanaume wa Barabara ya Kumi na Mbili
wameanza tena: nani kipa wa makipa,
tangu mpira wa kufungwa kamba hadi huu wa gundi.
Wamechora kwa chaki ukutani pa duka la Mdoe
namba moja hadi kumi,
wakafuta, wakachora, wakatukanana kidogo.

Mimi hawakuniuliza.
Mimi Mwantumu binti Hoza,
niliyefua jezi za langoni miaka hamsini kasoro,
tangu ndoo ni ya bati hadi ya plastiki,
tangu sabuni ni ya mche hadi ya unga.
Wao waliwaona makipa kutoka jukwaani.
Mimi niliwaona kwenye maji.

Semkiwa, wanasema. Semkiwa paka!
Kweli, aliruka. Lakini nguo haimfichi dobi kitu:
jezi yake ilichafuka upande wa kulia tu.
Kushoto, Jumamosi baada ya Jumamosi,
ilirudi ingali na mkunjo wa pasi yangu.
Mshambuliaji mmoja wa Muheza akaja kuligundua.
Nani alimwambia? Si mimi.
Labda mimi. Alikuwa shemeji yangu.

Kimweri wa timu ya mkonge, huyo alidaka mikono mitupu.
Mpira wa ngozi ukinyeshewa huwa tofali,
naye aliupokea kifuani
kama anayepokezwa mtoto aliyelala.
Kamba zake zikaacha chapa kwenye kitambaa,
mishono minne. Nilisugua, haikutoka.
Mtampimaje na huyu wa leo
mwenye glavu za bei ya mbuzi wawili?
Mpeni mpira ule, na mvua ile ya vuli,
na mwamba ule uliopinda katikati,
halafu ndiyo mshike chaki.

Ila nisiwaonee vijana.
Huyu Shekilindi mdogo anadaka kwa akili,
anapiga pasi ungedhani inakwenda Majani Mapana,
na jezi yake haina hata doa.
Zamani ningesema mvivu.
Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, tulifundishwa;
huyu hagaagai, na wali wake una mchuzi.
Aliyekwisha simama pale mpira utakapokuja
aruke aende wapi?

Basi wangu wa kwanza, na msicheke,
ni Zuberi Mngoya.

Hamumkumbuki. Alidaka mechi nne tu,
mwaka ule kipa wetu alipovunjika kidole.
Ya mwisho, wageni wa bara, saba bila.
Saba!
Watu walianza kutoka la tano lilipoingia,
wauza karanga wakafunga vikapu,
na kocha akawa anatazama viatu vyake.
Jioni akaniletea jezi mwenyewe,
ameikunja vizuri kama ya sikukuu,
hakunitazama usoni.

Nikaitandaza kabla ya kuiloweka.
Nikaisoma.
Kiwiko cha kushoto. Nyonga. Kulia, kulia tena.
Kifua. Bega.
Na juu ya tope la bega, lililokwisha kauka likapasuka,
tope bichi.
Goli la saba, dakika za mwisho,
uwanja umebaki na kunguru na mlinzi wa geti,
na mtu yule bado aliruka.

Maji nilibadilisha mara tatu.
Pesa yake sikupokea; nilimwambia sina chenji.

Sasa hivi wameenda kuswali alasiri.
Chaki wameiacha juu ya kidirisha cha Mdoe.
Namba mbili hadi kumi wamekwisha patana,
ya kwanza wameiacha wazi, inawashinda.
Nimefuta mikono kwenye kanga,
nimeandika kwa herufi kubwa, N yangu imegeuka nyuma,
haidhuru: MNGOYA.

Watarudi waulize ni nani huyo,
na mwandiko huu wa nani.
Watanikuta naanika.