Taarifa ya Ukaguzi, Matondoni

Daktari Kahindi,
ulisema niandike nilichokiona, nisikufiche.
Naandika juu ya karatasi iliyofungiwa misumari,
daftari langu limeingia ngama.

Futi thelathini na sita, omo hadi shetri.
Upana kumi na moja na nusu,
wala upana huo hauko kiunoni, alikozoea kuuweka baba;
umesogezwa nyuma,
kama kanzu ya mshoni aliyepima mgongo kwanza.

Nimegonga ubavu wote kwa mpini wa bisibisi.
Ta, ta, ta, ukaitika mkavu,
mpaka karibu na tundu la choo: du.
Hapo maji yamelala kati ya gamba na gamba,
pa ukubwa wa kiganja.
Shekuwe atapakata, atapakausha, siku nne.
Usikubali akikwambia tisa.

Jumanne, maji yamejaa,
tukatoka mimi na mwanangu Bunu.
Upepo maili kumi na nne. Nikakaza tanga la mbele,
chombo kikalala nyuzi kumi na tano
kikatulia papo hapo,
kama mtu aliyeegemea mlango akisikiliza ya ndani.

Kwa baba, mashua ikilala, watu hupanda ubaoni:
wanaume sita wananing'inia juu ya maji,
mmoja analaani, mmoja mkewe mgonjwa,
akiteleza mmoja wote mmelowa.
Hapa wako thelathini na watano,
wa risasi, chini ya mkuku,
hawaombi posho, hawaulizi tunarudi lini.
Nakwambia kweli, niliona wivu.

Kutoka mjini hadi Ras Kitau, kusi ikivuma,
mashua ya baba hubisha mara kumi na moja.
Hiki mara tano.
Bunu alihesabu kwa maganda ya njugu.
Nyuzi arobaini na tatu tu kutoka uso wa upepo,
maili sita na robo kwa saa,
na usukani wepesi, wa vidole viwili.

Lakini upepo ukija kisogoni, kizito.
Kinabingirika huku na huku
kama pipa lililobaki nusu ya mafuta.
Muuzaji atakwambia ni bahari.
Si bahari. Ni tanga dogo.

Jiko linaning'inia, linajisawazisha lenyewe.
Nilichemsha chai tumelala vile,
halikumwagika hata tone.
Nikacheka, peke yangu, mle chini.

Sasa sikia. Mkuku unashuka mita mbili.
Ndio unaokupa zile nyuzi,
ndio utakaokunyima Mkanda.
Ukitaka kwenda Faza utazunguka nje, bahari kuu;
aliyekichora hakuwahi kuusikia Mkanda.
Na kwako Malindi utatia nanga mbali,
upige kasia kila jioni, viatu mkononi.

Huyo mchoraji alikaa mezani
akamaliza yote kabla hakijamwagwa kitu.
Baba hakuwa na mchoro. Alikuwa na kamba ya vifundo
na jicho moja zima,
na alibadili nia njiani:
taruma ya saba, mara nyingi,
ilikuwa toba ya taruma ya tano.
Nani mjuzi zaidi, hukuniuliza.

Bei aliyotaja ni ya chombo kikavu.
Toa laki mbili kwa lile du,
toa na nusu ya laki kwa kamba, zimeota manyoya.
Baki inastahili. Hiki si mbuzi wa guniani,
nimeingia guniani mwenyewe, na tochi.

Ukikinunua, niite siku ya kukishusha.
Siku hiyo sitaki ujira.
Nataka usukani mpaka tuipite Kitau,
dakika kumi,
na wewe uko chini, unachemsha chai.

Mwanatumu Lali, fundi.

Nimesahau: pampu ya ngama inafanya kazi.