Kasha la Chuma

Fundi Mihayo ametoboa ukuta wa chumbani,
tofali la kuchoma likalia, vumbi jekundu
likalala kwenye neti, kwenye mito, kwenye uji wangu.
Boliti nne. Saruji ndoo moja na nusu.
"Mama Nyanzala, hili hata tembo haling'oi."

Wanaume wanne walilibeba kutoka stesheni.
Ng'ambo nzima ilitoka kulipima kwa macho,
na tangu jana nasalimiwa
kwa heshima ya mkopo.

Nimenyamaza.
Pesa ya asali ya Sikonge ingali palepale:
mzinga mkuukuu, juu ya dari,
unanuka nta na moshi, hata panya wanaukwepa.

Mwizi akija, ahangaike na chuma hadi alfajiri.
Atakuta saa ya mkononi ya Kasubi,
aliyoisahau dirishani alipokwenda machimboni;
imesimama saa tano kasoro robo.
Basi.

Fundi aliniuliza namba za siri, akageuka
nizibonyeze mwenyewe.
Nikaweka tarehe aliyosema atarudi.
Haijui mtu mwingine yeyote.
Hata yeye,
nadhani.